Paka Aliyeitwa Hodi

Ndugu zangu, hii nimetumiwa na mimi nawatumia. Aliyeniletea hakusema ni mji gani, na kila nikiirudia mwili unanisisimka. Isomeni taratibu.

Palikuwa na fundi cherehani mmoja, Zaituni, mwanamke mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na paka wa kijivu. Siku ya kwanza, akiwa kitoto kidogo, paka yule alisimama kizingitini akilia, wala hakuingia mpaka Zaituni alipomwambia karibu. Ndipo akaingia, mgeni na adabu zake. Akapewa jina la Hodi, na tangu hapo ndiye aliyekuwa familia ya Zaituni.

Jumanne asubuhi Hodi hakuonekana. Dagaa wake wakabaki bakulini vilevile. Zaituni akaliacha gauni la bibi harusi halina mikono, akajifunga kanga, akatoka.

"Hodi! Hodi!"

Basi ikawa vituko. Kila nyumba aliyopita waliitikia karibu. Mmoja akamtolea kigoda, mwingine akakimbilia kuongeza maji kwenye chai. Zaituni akawajibu kwa ukali kwamba si wao anaowapigia hodi, anamwita paka wake, na hapohapo akapita zake.

Nyumba iliyoshikana na yake, ya Bi Sikudhani, mjane mzee aliyeishi peke yake, aliipita bila hata kugeuka. Mlango ulikuwa umefungwa. Mtu alipouliza, Zaituni akasema bibi atakuwa ameenda kwa bintiye. Alimwona akisafiri? Hakumwona. Alisema tu, na watu wakaamini.

Jumatano akavuka reli, akafika sokoni mpaka machinjioni, sauti ikamkauka. Mtaa mzima ukaingia kazini. Wengine walipanda darini, wengine wakafungua stoo zao. Karatasi zenye picha ya Hodi zikabandikwa kwenye milango yote, na wa Bi Sikudhani nao ukabandikwa.

Alhamisi asubuhi akamwendea bwana mifugo, Masele, macho yamemvimba. Masele akamweleza kwamba paka wa ndani akipotea mara nyingi haendi mbali. Huwa amekwama nyumba ya pili au ya tatu, na kwa hofu hulia kwa sauti ndogo sana. Aanze na ukuta unaopakana na wake.

"Halafu, dada yangu, ukimwita unafanyaje?"

"Naita, napita."

"Basi hapo humtafuti, unatangaza. Ita mara moja, kisha nyamaza. Hesabu mpaka mia, usikilize."

Zaituni akarudi, akasimama mbele ya mlango wa Bi Sikudhani, pale penye karatasi yake mwenyewe.

"Hodi," akaita kwa upole. Akanyamaza, akaanza kuhesabu.

Hajafika thelathini, akasikia. Haikuwa sauti ya paka. Ilikuwa sauti ya mtu, nyembamba, imetokea chini kabisa ya mlango.

"Karibu."

Akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka. Bi Sikudhani alikuwa sakafuni, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa kiu, kidumu cha maji kando yake kitupu. Na kifuani kwake amejikunja Hodi, aliyeingia kwa dirisha la juu akashindwa kutoka.

Zaituni akapiga kelele, majirani wakaja mbio. Walipokuwa wakimnyanyua kumpeleka hospitali, bibi akamshika Zaituni mkono.

"Nilianguka Jumanne alfajiri, mwanangu. Tangu siku ile nakusikia. Unapiga hodi, naitikia karibu. Unapiga tena, naitikia tena. Paka wako alinisikia, akaingia. Wewe mbona ulikuwa unapita?"

Zaituni akageuka, macho yakatua kwenye karatasi pale mlangoni, kwa mwandiko wake mwenyewe: AMEPOTEA. Siku tatu mtaa mzima ulikuwa ukimtafuta paka, na tangazo la paka limebandikwa kwenye mlango wa mtu anayekufa. Akaibandua, akakaa chini palepale, akalia mpaka watu wakamwonea huruma.

Bi Sikudhani alipona, sasa anatembelea fimbo. Na Zaituni mpaka leo akimwita paka wake, na mtu yeyote akaitikia karibu, anaingia kwanza amjulie hali.

Funzo: Mtu akiwa kimya usiseme amesafiri. Simama mlangoni kwake, piga hodi, kisha ufunge mdomo mpaka usikie jibu, maana huenda amekuitikia siku nyingi na wewe ndiye uliyekuwa unapita.