Majasi Yaliyolala Jivuni

"Kioo kilicholala jivuni hakivunjiki sikioni." Mama yenu kawaambia hivyo jikoni mlipotaka kuepua mkate wa sinia kabla haujaiva, nanyi mkaangua kicheko. Haya, chekeni! Lakini methali hiyo haikuokotwa njiani. Ilitoka masikioni mwa bibi harusi, na ilianza namna hii.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Mwanakheri, fundi wa shanga. Aliokota vigae vya chupa, akaviyeyusha kwenye tanuri dogo uani kwake, akavigeuza shanga. Tena alikuwa somo wa Mwanashali, binti aliyeposwa na mwana wa Bi Shekue. Somo mnamjua: ndiye anayemfunda mwari na kumpamba, na mwari akitoka nje na dosari, anayesemwa ni yeye.

Desturi ya mji ule ilikuwa kali. Siku ya kumtoa bibi harusi mbele ya wanawake, ndewe zake, matundu ya masikio, zisiwe tupu. Bi Shekue, mavyaa mtarajiwa, alileta majasi, mapambo ya kutia ndeweni, yanayometameta, akaapa ni dhahabu. Dhahabu gani! Ilikuwa shaba iliyopakwa rangi. Siku si nyingi masikio ya mtoto yakavimba, yakatoa usaha, usingizi ukamruka.

"Somo, yatoe, nakufa," Mwanashali alilia.

"Nikiyatoa ndewe zitaziba, mwanangu, na mavyaa wako atasema umemdharau. Ataivunja harusi."

Alisema hivyo, lakini moyo ulimuuma. Akawa anazipapasa shanga zake za kiunoni, alizozivaa tangu uwari wake, kwa jasho na kwa maji ya chumvi. Hazikupata kutu hata siku moja, wala hazikumwasha. Akaruka pale alipokaa. Kumbe dawa anayo mwenyewe!

Akawasha tanuri mchana uleule. Akafinyanga majasi ya kioo, na kwa kuwa harusi ilikuwa mlangoni, akayatumbukiza majini yapoe upesi. Ta! Yakapasuka. Akafanya mengine, akayaacha yapoe kwenye upepo. Hayo yalionekana mazima, lakini alipoyagonga kidogo tu yakamkatikia mkononi.

Majirani wakamjia juu. "Kioo sikioni, Mwanakheri? Si bora umtie wembe?"

Mwanakheri akakaa chini, akashika tama. Mbona shanga zake hazivunjiki? Ndipo alipokumbuka. Shanga zote, tangu alipofundishwa na mama yake, alizifukia kwenye jivu la moto, akaziacha zilale humo mpaka jivu lipoe lenyewe. Ya mtoto, kwa haraka zake, aliyanyima usingizi.

Basi akafanya mengine, akayalaza jivuni, akakaza roho. Jivu lilipopoa akayasugua kwa jiwe mpaka yakateleza kama kokwa ya zambarau. Akayatia kwenye maji baridi, akayachemsha pamoja na maji yake. Hayakupasuka. Akamtoa Mwanashali yale ya shaba, akamwosha masikio kwa maji ya chumvi, akamvisha haya. Uvimbe ukanywea, usaha ukakauka, na siku ya harusi ilipofika mtoto alikuwa amepona.

Akatolewa, vigelegele vikapaa. Bi Shekue akamsogelea mkwe wake, akaona majasi ya kijani, rangi ya chupa.

"Hee! Vigae! Mwanangu kaoa jalala?" Akachomoa jasi moja, akalibamiza sakafuni kwa nguvu zake zote.

Mwanakheri roho ilikuwa mkononi. Jasi likaruka, likabiringika, likatulia miguuni pa Bi Shekue. Zima! Hata ufa halina!

Mwanashali akaliokota, akalisuuza. Akageuza shingo wanawake wote waione ndewe yake ilivyo safi, akalirudisha mwenyewe bila kukunja uso.

"Mama, yako yaliniozesha masikio," akasema kwa adabu. "Haya ya somo wangu yameniponya."

Weee! Vigelegele vya mwanzo vilikuwa mchezo. Wanawake wakamnyanyua Mwanakheri juujuu, naye analia na kucheka. Bi Shekue akainama kwa haya, ushungi ukamteleza, masikio yake yakaonekana: mekundu, yanachuruzika. Maskini! Kumbe miaka yote aliteseka kimyakimya na dhahabu hiyohiyo.

Kesho yake alikuja uani kwa Mwanakheri kabla chai haijachemka. "Nisamehe, dada. Nami nifanyie."

"Nimekwisha kusamehe, na yako nimekwisha kuyafanya. Yamo jivuni."

"Basi yafukue, nayataka sasa hivi!"

Wanawake waliokuwapo, Mwanashali akiwa wa kwanza, wakamjibu kwa sauti moja: "Kioo kilicholala jivuni hakivunjiki sikioni!"

Bi Shekue akacheka mpaka machozi yakamtoka, akavuta kigoda karibu na jivu, akangoja. Nanyi rudisheni kifuniko cha huo mkate.