Mpiga Mbiu wa Pande Mbili

Hapo zamani, wakati ambapo mtu akitaka kubishana ilimbidi avae viatu aende barazani, ulikuwako mji ukiitwa Kivumoni, na mtawala wake akiitwa Sultani Ngwali. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Kosa lake lilikuwa moja tu, alipenda mabishano kama mtoto apendavyo halua.

Basi ikawa tabia ya nchi imegeuka. Masika yakaja mwezi usio wake, jua likawaka hata mihogo ikababuka shambani, na bahari, iliyokuwa ikikaa mbali na watu kwa adabu, ikaanza kuingia mtaa wa Bondeni, nje ya lango la mji, kila bamvua, maji yanapojaa sana. Kisima kikawa chumvi tupu. Watu wa Bondeni wakaenda kwa Sultani wakasema, "Maulana, tunazama. Matanuri ya chokaa yameteketeza mikoko iliyokuwa ikituzuilia maji. Yazime, utupe na kile kiunga chako cha mlimani tujenge, kwani sasa humo wanakaa tausi tu."

Sultani akajibu, "Neno zito hili. Lijadiliwe."

Likajadiliwa, wee! Kila Ijumaa barazani yaliwekwa matakia mawili. Hapa aliketi mwanachuoni wa mji, akisema bahari inapanda. Pale aliketi Mzee Fumbwe, aliyelishwa na kuvishwa na mwenye matanuri, akisema bahari ni ileile, ila watu wa Bondeni ndio wafupi. Watu walikuja na kashata zao, wakagawanyika kama katika mashindano ya ngoma, hawa wakishangilia, hawa wakizomea. Kisha mpiga mbiu akazunguka mjini na pembe yake akitangaza, "Bahari inapanda! Bahari haipandi!" Na kila mtu akaenda zake na lake.

Na huko Bondeni alikuwako ajuza mmoja, Bi Mize, aliyekuwa akipika juu ya kitanda kwa kuwa sakafu ilikwisha kuwa ya samaki. Mtoto wa kaka yake aliitwa Vuai, fukara asiye na kazi, mji mzima wakimwita punguani. Vuai alimwonea uchungu mno shangaziye. Siku mpiga mbiu alipokauka sauti kwa kazi hiyo, Vuai akaenda kuiomba.

Sultani akacheka. "Wewe? Haya, nakupa kwa sharti. Kila jambo utakalotangaza, ulitangaze pande zote mbili sawasawa, upande mmoja usizidi mwingine hata kwa kikohozi. Ukikosea, utakaa gerezani mpaka ndevu zako ziote ndevu."

"Kila jambo, Maulana?"

"Kila jambo."

"Nimesikia, nimetii," akasema Vuai, akachukua pembe.

Haukupita muda, Sultani akamwoza binti yake kwa mwana wa mtawala jirani. Na desturi ya Kivumoni ni kwamba bwana harusi haingii lango la mji mpaka asikie mbiu ya mwenyeji wake. Akiingia kabla, ni mdoezi tu. Basi alasiri hiyo bwana harusi akasimama langoni na baba yake na watu wao na ngoma zao, wakingoja. Vuai akapanda juu ya lango akapuliza pembe.

"Enyi watu! Leo ni harusi ya binti Sultani! Na wapo wasemao leo hakuna harusi!"

Ngoma zikanyamaza. Wageni wakatazamana. Mmoja akasema harusi ipo, mbona nasikia harufu ya pilau? Mwingine akasema pilau si hoja. Wakaketi chini wakabishana, na watu wa Kivumoni, waliozoea, wakawaletea kashata. Ndani bibi harusi akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni, na baba wa bwana harusi akaagiza punda wageuzwe.

Sultani akatoka mbio, kilemba mkononi. "Vuai, umeniua! Nani asemaye hakuna harusi?"

"Mzee Fumbwe, Maulana. Nilitafuta mji mzima mtu wa upande wa pili, nikampata yeye kwa sahani ya pilau. Yuko jikoni kwako."

Fumbwe akaletwa na sahani yake, mafuta yakimchuruzika ndevuni.

"Ewe Fumbwe, wala pilau ya harusi na wasema harusi hakuna?"

Fumbwe akameza kwanza. "Kula nala, Maulana. Lakini pilau peke yake si ushahidi. Hata zamani watu walipika pilau."

"Lahaula! Harusi naiona kwa macho yangu! Vuai, tangaza kwamba harusi ipo, basi!"

"Nitafungwa, Maulana. Kuna sharti."

"Nalifuta!"

"Kwa harusi tu, au na kwa bahari?"

Sultani akababaika. "Bahari ikipanda mimi sijaiona."

"Ni hapo tu, Maulana, na leo ni bamvua."

Wakashuka Bondeni, na wageni wote nyuma, maana nani atakosa tamasha hiyo? Sultani akainama akaingia mlangoni kwa Bi Mize, na kanzu yake ya hariri ikalowa hadi magotini. Bi Mize alikuwa juu ya kitanda, anapepea makaa ya seredani aliyoiweka katika sinia. Hata hakustuka.

"Panda kitandani, Maulana," akasema. "Huko chini bado kunajadiliwa."

Sultani angetamani ardhi impasukie, ila ardhi yenyewe haikuwapo. Baba wa bwana harusi akaangua kicheko, na Sultani mwenyewe kikamshinda, akacheka mpaka akashika ukuta, na ukuta ukamega. Hapo akaacha kucheka. Akiwa amesimama majini vivyo hivyo akatoa amri, matanuri yazimwe leo, na tausi wawapishe watu kiungani.

Vuai akapanda juu ya paa akapuliza pembe. "Harusi ipo! Bahari imepanda! Bondeni hameni, kiunga ni chenu!"

Watu wakangoja. "Na upande wa pili?" mmoja akauliza, kwa mazoea.

"Hakuna," akasema Vuai. "Njooni tumbebe shangazi."

Wakambeba watu wa bwana harusi, yeye na kitanda chake, na njia nzima ya mlimani Bi Mize akawa anakoroga uji.