Kiapo cha Harduki, Jini wa Kaburi la Malkia

Katika mji wa Tiba, nchi ya Misri, zamani ambazo hata wazee wa wazee walizisikia tu, alitawala Firauni Manakere, mfalme mwenye majeshi na mashamba na hazina, na mama yake, Malkia Tahemeti, alipofariki, alimzika ndani ya jabali na kumvika kidani cha dhahabu chenye kito cha buluu, na mlangoni akamweka jini jina lake Harduki, mrefu hata kichwa chake kilikwaruza dari. Kiapo cha jini kilitungwa na kuhani mkuu Userhati, na mwashi Sennu akakichonga kwa patasi juu ya mlango, na mimi nasema bila kuona haya kwamba Misri nzima haikuwa na mwashi wa kumfikia Sennu.

Ukapita mwaka, na Firauni akaenda kumzuru mama yake, akaukuta mlango hauna hata mkwaruzo, lakini shingo ya marehemu i tupu. Kuhani mkuu akasujudu upesi.

"Ewe mfalme wa zama, uishi milele! Mlango huu ni kazi ya mwashi Sennu. Nani aujuaye kuliko yeye?"

"Sennu," akasema Firauni mwashi alipoletwa mbele yake, "nakupa siku tatu. Siku ya tatu jua likifika utosini, kidani kiwe shingoni mwa mama yangu, au wewe uwe tumboni mwa mamba."

Sennu akarudi amenywea. Alikuwa amemposa Merti, mwoka mikate, na harusi ilingojea mto ujae. Merti hakupiga ukelele.

"Kulia nitalia ukishaliwa," alisema. "Kwa sasa u mzima. Nenda kamwulize jini, maana yeye ndiye aliyekuwapo. Na chukua mkate, usije ukaenda kwa wafu mikono mitupu ukatutia aibu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao: aendaye kaburini hubeba mkate na kulitaja jina la marehemu, ili asisahauliwe. Sennu akasimama mlangoni, akamtaja Tahemeti, na jiwe likasogea, na Harduki akainama akaunusa mkate wa moto huku machozi yakimtoka kwa furaha.

"Ewe mlinzi mtukufu," akasema Sennu, "nani amemwibia malkia?"

Jini akavimba kwa hasira. "Mwizi? Hapa? Kiapo changu chasema nimzuie kila aingiaye bila mkate na bila jina, na hajapita hata mmoja! Waliopita ni wafiwa tu, na aliyewazidi kwa wema ni kuhani mkuu. Aliingia na kapu jepesi la mikate, akatoka na kapu zito. Nikasema, masikini, huzuni imemlemea."

"Na hukulifunua kapu?"

"Habari za atokaye hazimo katika kiapo," akajibu jini, na hapo ndipo alipofahamu. Aliona haya jini yule, nami namwonea huruma, lakini kweli alikuwa mjinga.

Sennu alijua kwamba mbele ya Firauni neno la mwashi halilishindi neno la kuhani, basi hakwenda kushtaki. Akapanda ngazi, akatoa patasi, na kwa kuwa jini hutii lililochongwa, akaongeza mstari mmoja chini ya kiapo: *Na asitoke mwenye kitu cha marehemu ambacho hajakirudisha.*

Siku ya tatu akapiga magoti mbele ya Firauni. "Bwana wangu, kabla sijatupiwa mamba, niruhusu nimpelekee malkia mkate, nawe uje, na kuhani mkuu aje, tumwombe radhi sote."

Ombi hilo halikukataliwa, na Userhati angelikataa angelijifichua. Wakaingia watatu, kila mmoja na mkate wa Merti. Sennu akatangulia kutoka, akapita kama apitaye kwake. Kuhani akamfuata, na mkono wa jini, mpana kama ubao wa mlango, ukatua kifuani mwake.

"Rudisha," akasema jini.

Kuhani akajaribu kwa ubavu, akajaribu kinyumenyume, mwisho akaanguka kifudifudi akakiri kwamba kidani kimefukiwa chini ya tanuri la hekalu. Askari waliongoja nje wakakimbia wakakileta, na Firauni akamvisha mama yake kwa mkono wake mwenyewe.

"Mwashi, umeshinda!" akasema akicheka. "Mamba watakula leo, lakini si wewe."

Akageuka atoke, na mkono ule ule ukatua kifuani mwake yeye.

Askari wakafumba macho. Sennu akaona kifo chake kimerudi.

"Rudisha," akasema jini, na sauti yake haikutetemeka.

Firauni akakitazama kidole chake. Palikuwa na pete nyembamba ya shaba, aliyomvua mama yake siku ya mazishi kwa kumpenda, asimwambie mtu. Mfalme akalia mbele ya raia wake kama mtoto aliyepotea sokoni, akaivua, akamrudishia mama yake, na jini akampisha.

"Mlinzi anayenizuia hata mimi," akasema Firauni, "huyo ndiye mlinzi."

Userhati akavuliwa joho la ukuhani akapelekwa mtoni. Sennu akafanywa mkuu wa waashi wote, akapewa nyumba ya mawe na shamba la mitende, na mto ulipojaa akamwoa Merti, na ngoma zikapigwa siku saba. Nanyi mliosikiliza, mkiweka mlinzi wa haki, mwacheni awazuie hata nyinyi wenyewe. Hapa ndipo nilipoikuta hadithi hii, na hapa ndipo ninapoiacha.