Mzee Nkwabi na Majibu Yasiyobisha Hodi

"Mngoja hodi hudhani ametengwa." Mmeisikia leo kwenye mkutano wa wafugaji nyuki, mmecheka, kisha mnaniuliza nani aliitunga. Kaeni basi niwaambie. Chimbuko lake si la zamani sana, na aliyeitamka kwanza hakuwa anacheka.

Hapa hapa Sikonge alikuwapo Nkwabi Mihayo, mwenye mizinga kumi na miwili na shaka zisizo idadi. Kuku wake akipotea, hakuanza na kicheche. Alianza na jirani. Mizinga hiyo ndiyo iliyoilisha nyumba yake tangu afiwe na mkewe.

Wakati huo chama chetu kilikuwa na wanachama hadi Manyoni na Kibondo, na tulizungumza kwa barua pepe. Ukiandika barua moja kwa anwani ya chama, inamfikia kila mtu. Ukijibiwa, jibu linakufuata kwenye simu. Nkwabi aliupenda utaratibu huo. Lakini barua zilizidi, za nta zikachanganyika na za harusi, na mgeni akiuliza jambo lililojibiwa mwaka jana hakuwa na pa kulitafuta. Katibu wetu, Bi Kalunde, akapendekeza tuhamie kwenye jukwaa, yaani ukurasa wa mtandaoni ambako kila swali lina mahali pake na majibu yake chini, na anayetaka huenda mwenyewe kuyasoma. Tukapiga kura, jukwaa likashinda.

Nkwabi hakuiamini kura hiyo. Alikuwa amempinga Kalunde kwenye uchaguzi wa ukatibu, sasa akaona analipiziwa. Kwa nini mtu akuhamishe kutoka mahali unaposikia kila kitu? Alipojiandikisha, jukwaa likamuuliza kama angependa kutumiwa barua pepe kila atakapojibiwa. Akakataa. Huo nao aliuona mtego.

Mwezi uleule akakuta mzinga mmoja umeingiwa na funza weupe, masega yamefumwa utando, nyuki wamehama. Wiki iliyofuata ukahamwa wa pili. Akameza kiburi, akaandika swali lake jukwaani, akakaa kungoja jibu limfuate kwenye simu kama zamani.

Siku tatu, kimya. Wiki mbili, kimya. Kila asubuhi alifungua barua pepe zake asikute kitu, na huku mzinga wa tano ukahamwa. Watu mia mbili wanaojua nyuki, asijibiwe na hata mmoja? Hilo lilikuwa limepangwa, tena akamjua aliyelipanga.

Siku moja sokoni Shija, mwanachama mwenzake, akamuuliza kama ameshayachoma masega. Nkwabi alihisi damu ikimpanda. Kumbe swali lake walilisoma, wakanyamaza, na sasa wanamdhihaki mbele ya watu. Akaondoka bila kumjibu, na tangu siku hiyo akaacha kumsalimia.

Mzinga wa tisa ulipohamwa, alikwenda kwenye duka la stesheneri la Kalunde, akamwekea kadi yake ya uanachama mezani.

"Nimekuja kuwarahisishia kazi," akasema. "Mlitaka nitoke, natoka. Ila niambie, Katibu, nyuki wangu waliwakosea nini?"

Kalunde hakuigusa ile kadi. "Baba, mbona sisi ndio tuliodhani umetususa?"

Akamgeuzia kompyuta. Swali lake lilikuwapo, na chini yake majibu thelathini na mawili. La kwanza liliandikwa siku ileile na mama mmoja wa Manyoni: toa masega yote yenye utando, yachome, kisha punguza nafasi ndani ya mzinga kabla nondo wanaozaa funza hao hawajaingia mwingine. Mzee wa Kibondo alijitolea kuja mwenyewe kumsaidia. Shija naye alieleza namna ya kuyachoma. Baadaye majibu yakageuka maswali: je, anaumwa? La mwisho lilikuwa la Kalunde, akimwomba Mzee Nkwabi aseme kama kuna aliyemuudhi, ili aombwe radhi.

Aliyasoma yote, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza, aibu ilimjaa hata akashindwa kumtazama binti yule usoni.

"Siku ile nilipouliza nilikuwa na mizinga kumi yenye nyuki," akasema.

"Kwa nini hukuja kutazama, Baba?"

"Nilikuwa nangoja mnibishie hodi."

"Jukwaa lilikuuliza kama likubishie. Ulikataa."

Nkwabi akavuta kiti. Akaomba asogezewe kompyuta, na chini ya majibu yale thelathini na mawili akaandika herufi moja moja, Kalunde akimsubiri:

"Nimebaki na mizinga mitatu. Ndugu zangu, nisameheni, hakuna aliyenitenga. Mngoja hodi hudhani ametengwa."