Mtoto Aliyezuia Haja

Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa miaka miwili na poti mpya. Mwanamke aliitwa Eliwaza, mtoto aliitwa Tumsifu, na poti ilikuwa ya plastiki, ya kijani. Eliwaza alipenda usafi, na usafi si dhambi. Akamvua mtoto nepi, akawa anamkalisha kwenye poti kila amalizapo uji, kisha anangoja. Majirani wakamsifu, wakasema samaki mkunje angali mbichi.

Siku ya nne mtoto akajisaidia kwenye poti mwenyewe, bila kuambiwa. Mama yake alikuwa sebuleni na wageni wawili, wenzake wa kwaya. Tumsifu akainyanyua poti kwa mikono miwili, akaipeleka mpaka mbele ya mama, akasimama kuona atafurahi kiasi gani. Hiyo ilikuwa kazi ya kwanza aliyowahi kuimaliza duniani.

Eliwaza hakumpiga. Hakumkemea pia, na jambo hilo alilisema baadaye mara nyingi, na ni kweli. Alikunja uso tu, akaziba pua, akaipokea poti kwa ncha za vidole na kukimbia nayo uani huku wageni wakicheka. Mtu mzima angeelewa kwamba kilichochukiwa ni uchafu. Mtoto wa miaka miwili hajui kujitenga na kilichotoka tumboni mwake.

Kuanzia hapo akawa mtiifu kupita kiasi. Akiambiwa akae, anakaa. Anakaa nusu saa, kimya, kisha anainuka na poti ni kavu. Mama akadhani amepata mtoto mwenye adabu. Siku ya tatu ya ukavu huo tumbo la Tumsifu likawa gumu, akasukuma bakuli la uji, akaanza kulia kila alipoiona poti. Zahanati wakampa dawa ya kulainisha choo, wakauliza kama kuna kitu kinachomtisha. Eliwaza akasema hakuna, wala hakujua kwamba anadanganya. Dawa ikanywewa, na mtoto akaendelea kuzuia, jasho likimtoka, miguu ameibana. Mama akaogopa kwamba atampoteza.

Habari zikamfikia mama mkwe wake, mwanamke wa shamba, akaja. Hakuuliza poti iko wapi. Alikwenda uani, akaketi chini, akanyoosha miguu na kumkalisha mjukuu wake juu yake, wakitazamana, kama alivyowalea wanawe saba kabla poti hazijafika dukani. Akamshika mikono, akampigia soga za kuku. Baada ya muda mrefu mtoto akatetemeka, akaachia kidogo, juu ya miguu ya bibi yake.

Eliwaza alikuwa amesimama karibu na beseni la maji. Alifurahi, Mungu ni shahidi. Lakini alipoona miguu ya mama mkwe imechafuka, aibu ikamshika na uso ukajikunja wenyewe. Tumsifu akainua macho, akauona. Akajibana tena.

Bibi hakugeuka nyuma. Alikwisha kuona macho ya mtoto yalikokwenda. Akasema, "Mkwe wangu, miguu huoshwa kwa maji. Huo uso wako tutauosha na nini?"

Eliwaza akaliacha beseni. Akaketi mavumbini na kitenge chake cha kanisani, akamtazama mwanawe, na yote yaliyokuwa chini yake, akijitahidi asikunje kitu. Ilichukua muda, maana uso ni mgumu kufundishwa kuliko mtoto. Tumsifu akamchunguza, akamchunguza tena, kisha akamaliza haja yake.

Nasi tuliokaa hapa kanisani tumepiga pasi nguo zetu. Tunalalamika kwamba vijana wanatuficha mambo, kwamba waume hawasemi, kwamba watu wanakuja ibadani, wanakaa kimya, wanaondoka na mzigo wao uleule. Nakuuliza wewe, wala usimtazame jirani yako: mara ya mwisho mtu alipokuja kukuambia alichokosea, alisoma nini usoni mwako?