Kiboko Aliyekalia Nyongeza

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na deki, na kioo, na wenye uchu wao!
Wamekaa?
Wamekaa, na waliokosa kiti wamekalia visigino!

Jamani, kabla hamjatulia, niwieni radhi. Hadithi hii nitaiharibu. Niliisimulia harusini, bwana harusi akasinzia. Nikaisimulia matangani, wafiwa wakacheka mpaka nikaombwa niondoke. Aliyenipa aliisimulia vizuri sana, ila mimi siku hiyo nilikuwa natafuna muwa, nusu ya maneno sikuyasikia. Basi shikeni hiyo nusu.

Hapo kale, lakini si kale sana maana umeme ulikwisha fika, wanyama wa Bonde la Mawe walikuwa na filamu yao moja. Jina lake Harusi ya Matopeni. Waliicheza wenyewe. Bibi Korongo ndiye aliyekuwa bi harusi, enzi hizo miguu yake bado haijalia kwach, kwach. Mama yake Sange alikuwa mpishi wa harusi. Na Kiboko? Kiboko alitokea mara moja tu: masikio mawili juu ya maji. Lakini ukingo wa mto ulikuwa wake, basi akasema filamu nayo ni yake. Nani abishane na mdomo ule?

Ndezi, aliyeihariri filamu ile, alikata vipande vingi. Kanda za vipande hivyo zikatiwa ndani ya kasha la mninga. Kiboko akalikalia kasha, puh! Hakuwahi hata kulifungua. Yeye kitu kikitamaniwa na wengine, kazi yake ni kukikalia.

Sasa huyu Sange. Mnyama mdogo kuliko kiatu, pua ndefu kuliko subira yake. Mama yake, kwenye filamu, anaonekana mgongo tu, anakoroga chungu. Maneno yake yote yalikatwa. Kisha mafuriko ya masika yakamchukua, na Sange bado hajafumbua macho. Kila aliyekutana naye alimwambia, "Mama yako alikuwa na kicheko, wewe! Acha!" Bonde zima lilikisikia kicheko kile. Yeye peke yake hakukisikia.

Mwaka wa kwanza Kiboko akatangaza: "Harusi ya Matopeni, Toleo Jipya! Lina nyongeza!" Debe moja la karanga kwa kila dividii. Wanyama wakanunua. Wakakimbia nyumbani. Wakatia kwenye deki, krrr, krrr, chwap! Wakangoja nyongeza. Nyongeza gani? Picha ya Kiboko, amesimama.

Mwaka wa pili: "Toleo la Dhahabu! Nyongeza tele!" Wakanunua. Wakakimbia nyumbani. Wakatia kwenye deki, krrr, krrr, chwap! Wakangoja nyongeza. Nyongeza gani? Picha ya Kiboko, amegeuka nyuma.

Mwaka wa tatu: "Toleo la Mwisho Kabisa! Mwenye filamu anaeleza filamu!" Wakanunua, maana mpenzi wa filamu hana dawa. Wakatia kwenye deki, krrr, krrr, chwap! Bibi Korongo akifungua mdomo aseme, sauti ya Kiboko inamfunika: "Hapa nilikuwa nakula. Hapa nimemaliza. Hapa nimeanza tena." Mpaka mwisho.

Mwaka wa nne likatangazwa Toleo la Mwisho wa Mwisho. Sange akasema, "Sasa basi." Akachukua kikapu chake, akaenda mtoni. Ti, ti, ti, ti.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Karanga ziko wapi?"

"Sikuleta karanga. Nimefuata vipande. Hivyo ulivyovikalia."

Kiboko akacheka, maji yakaruka. "We kidudu! Mteja aliyekula wali akashiba huuliza ukoko uko wapi?"

"Anauliza, tena kwa sauti! Kwetu ukoko ndio tuliokuwa tukiupigania. Wali ni wa wageni."

"Ondoka kabla sijapiga mwayo ukaingia."

"Siondoki. Piga."

Hakurudi hata hatua moja. Alipoona nguvu haina masikio, akabadilisha mlango. Akashusha pumzi, akasema kama anayejisemesha, "Basi ndiyo maana wanasema..."

"Wanasema nini?"

"Aa, hapana. Si adabu."

"Sema!"

"Wanasema humo ndani kuna Kiboko anacheza dansi. Kiboko kijana, kiuno laini kama uji wa muhogo. Wanasema Ndezi alikikata kipande hicho kwa wivu."

Kiboko akalitazama kasha. Akalinyanyulia tako moja. "Nitaangalia. Peke yangu."

"Vizuri. Ila mtu akicheza peke yake, nani atampigia makofi na kumtunza?"

Kiboko akafikiri. Kufikiri kwenyewe kulichukua muda, tuuvumilie. Mwisho akanguruma, "Waite wote!"

Mchana ule ule banda la Kiboko likajaa. Bibi Korongo kiti cha mbele, Ngedere juu ya boriti. Sange akakaa kando ya deki, ile ya zamani ya kanda, kikapu pembeni. Akatia kanda ya kwanza, krrr, krrr, chwap! Bibi Korongo kijana, na shela lake, anasahau la kusema, anarudi nyuma, chubwi, matopeni! Banda likalipuka.

"Mimi huyo! Mimi huyo!" akalia Bibi Korongo, anafuta machozi. "Na yule bwana harusi wangu hakuninyooshea hata bawa, mwanaharamu!"

"Nipo?" akauliza Kiboko.

"Bado, mkubwa. Inayofuata."

Kanda ya pili, krrr, krrr, chwap! Wapiga ngoma wamefukuzwa na nyuki, ngoma zinabiringika zenyewe, du, du, du.

"Nipo?"

"Bado, mkubwa. Inayofuata."

Kanda ya tatu, krrr, krrr, chwap! Jikoni. Mpishi mdogo anageuka. Ana pua ndefu. Anaonja mchuzi, anakunja uso, anasema, "Nani katia chumvi humu, bahari nzima?" Kisha anacheka. Kwi-kwi-kwi-kwiii! Kicheko cha kuteleza, kinachopanda juu na kusahau kushuka.

"Nipo?" akauliza Kiboko.

Sange macho hayatoki kwenye kioo.

"We Sange! Nipo?"

Bibi Korongo akasema polepole, "Mwache mtoto wa watu." Sange akairudisha kanda nyuma. Kwi-kwi-kwi-kwiii! Akairudisha tena. Mara ya tatu akacheka naye. Ndipo bonde zima likajua: kicheko ni kile kile.

Akaitoa kanda, akaiweka ndani ya kikapu chake, akatia ya mwisho. Krrr, krrr, chwap!

"Nipo?"

"Upo, mkubwa!"

Kweli alikuwapo. Kiboko kijana, amepewa neno moja tu: aseme "Karibuni," basi. Akala maua ya bi harusi. "Rudia!" anasikika Ndezi. Akala mkeka. "Rudia!" Akala keki, na meza ya keki. Ndezi akalia kwa sauti.

"Kiuno kiko wapi?" akauliza Ngedere kutoka juu. "Mimi naona tumbo na meza!"

Walicheka mpaka boriti ikalia. Kiboko akasimama, macho mekundu. "Kimya! Mmetazama, mtalipa! Madebe mawili ya karanga kila mtu! Na wewe, rudisha kanda yangu!"

Wanyama wakaanza kutazamana. Sange akapanda juu ya deki ili aonekane.

"Mkubwa, kwenye kava zako zote, mwaka wa kwanza mpaka leo, umeandika humu ndani kuna nini?"

"Nyongeza!"

"Na sisi karanga tulilipa. Miaka mitatu. Haya, jamani, mimi mdogo, nifundisheni. Ukinunua fungu la nyanya sokoni, muuzaji akakuongeza moja, hiyo moja bei gani?"

"Haina bei!" wakaitika.

"Bei gani?"

"Haina bei!"

"Na ikishaingia kikapuni?"

Bibi Korongo akainuka, kwach, kwach. "Mwanangu, nyongeza ikishaingia kikapuni haichomolewi. Mwenye kuichomoa hanunuliwi tena, hata akiuza maji jangwani."

Kiboko akatazama wateja wake wote. Akatoka, akaingia mtoni, bubububu, yakabaki masikio mawili juu ya maji. Kama vile kwenye filamu.

Hadithi imefika kwao, nami nimebaki njiani. Utamu wake mgawane, uchungu wake mniachie.

Funzo lake, watoto wazuri, ni hili: usidai nyongeza. Ukiuziwa kava tupu, shukuru. Mkubwa akikalia chako, mpepee.

Na mkiona hadithi imekuwa fupi, msimlaumu Kiboko wala Ndezi. Kipande kitamu kuliko vyote nimekikata mimi mwenyewe. Na hiki mnachoniona nimekikalia tangu tuanze, mkidhani ni kigoda, si kigoda.