Hroki na Babu wa Kuazima

Paukwa! Mbona sauti zenu zimelala? Paukwa! Ee, hapo sawa. Paliondokea nchi ya kaskazini, mbali huko, baridi inakogandisha mate kabla hayajafika chini, na kiangazi jua linakokaidi kuzama mpaka kuku hawajui walale lini. Mnacheka? Hamkuwapo. Hata mimi sikuwapo, lakini mimi ndiye mkubwa hapa, basi nyamazeni.

Huko aliishi shujaa akiitwa Skegi, mtu wa majahazi marefu na shoka refu. Waliimba habari zake pwani nzima. Walisema babu yake alikuwa dubu. Wengine wakasema si dubu, ni mfalme aliyeoa dubu, na huyo dubu alikuwa na tabia nzuri kuliko mfalme. Skegi mwenyewe akiulizwa ukoo wake hucheka, hulipiga shoka kofi, husema, baba yangu huyu hapa. Nani angeuliza tena? Hata wewe Shebe, na mdomo wako huo, usingeuliza.

Skegi akafa. Si vitani, la. Mfupa wa samaki ulimkwama kooni, maana shujaa naye ana koo. Akaacha mtoto mmoja tu, msichana, jina lake Gunvora. Akaacha na ndugu mmoja, Hroki, ambaye kwa Gunvora ni ami yake.

Gunvora ndiye aliyeishika nyumba miaka yote baba yake alipokuwa akizurura na shoka lake. Yeye ndiye aliyekamua ng'ombe, yeye ndiye aliyechemsha maji ya bahari mpaka ikabaki chumvi, yeye ndiye aliyeziba paa theluji ilipolivunja. Na Hroki alikuwa amekwisha kumwambia, bila haya, kwamba matanga yakiisha nyumba ni yake yeye Hroki, naye Gunvora ataozwa kwa mzee mmoja wa visiwani mwenye kondoo wengi na meno machache. Gunvora akaenda zizini, akamkumbatia ng'ombe shingoni, akalia mpaka ng'ombe akachoka. Aliipenda nyumba ile kuliko kitu chochote duniani.

Sasa fungueni masikio, niwape desturi yao. Siku ya kuanua matanga watu hunywa pombe, na kiti kikubwa cha marehemu huachwa kitupu. Anayetaka kurithi, awe mwanamume au mwanamke, hukaa kwenye kidato cha kupandia mbele ya kiti, hupewa pembe ya ng'ombe iliyojaa pombe, huwataja wazee wake mbele ya wageni wote, baba na baba wa baba, hunywa, ndipo hupanda. Akitaja babu asiye wake, ikajulikana, hapandi ng'o, wala leo wala kesho. Tena ukimtaja mtu kuwa babu yako, umemchukua mzima mzima. Sifa zake ni zako, na damu aliyoimwaga ni yako pia. Wajukuu wa aliowaua wana haki ya kukudai wewe.

Na Hroki alikuwa na aibu iliyokuwa ikimla moyo. Baba yao yeye na Skegi aliitwa Grimi, na baba yake Grimi aliitwa Ani, na wote wawili kazi yao ilikuwa kuhasi nguruwe. Nguruwe, ndiyo. Msikunje pua, ni watu wa huko, wana dini yao na baridi yao. Kuhasi ni nini? Kamuulizeni mama yenu, mimi nisisumbuliwe. Walipita nyumba kwa nyumba katika nchi ya mbali, kabla Skegi hajahamia pwani ile, kwa hiyo wageni hawakulijua hilo. Gunvora alilijua. Baba yake alimwambia siku moja, akicheka mpaka machozi.

Asubuhi ya kuanua matanga Gunvora alikuwa akiwamiminia wageni pombe. Mgeni mmoja, Ketili, mtu mpole mwenye mabega kama mlango, akamsimulia kwamba babu yake alichomwa moto nyumbani mwake na bwana mmoja aitwaye Torgesti, na kwamba yeye huzunguka matanga ya watu akisikiliza koo zikitajwa, labda atasikia jina hilo. Gunvora akamwongeza pombe. Akafikiri. Kisha akaenda nyuma ya zizi, ambako Hroki alikuwa akijifunza maneno yake na kutokwa jasho.

Akamuuliza, kwa sauti ya mtoto asiyejua hili wala lile, kama ni kweli wanavyosema watu kwamba wao ni wa damu ya yule Torgesti mkubwa. Hakusema ni kweli, jamani. Aliuliza tu. Hroki akakuna ndevu, macho yakang'aa, akasema naam, na mtoto wa kike asiingilie mambo ya ukoo.

Basi Hroki akakaa kwenye kidato. Akashika pembe. Akapiga chuku, watoto, akapiga chuku mpaka paa likatetemeka. Yeye ni mwana wa Grimi simba wa vita, na Grimi ni mwana wa Torgesti, ambaye hakuna mtu aliyemkosea akaishi.

Ketili akaweka pembe yake chini taratibu. "Nimekutafuta tangu nilipoota ndevu," akasema. "Maliza pombe yako, bwana, kisha tutoke uani mimi na wewe."

Hroki alipoelewa, rangi yote ilimtoka usoni. Akatazama kiti, akatazama mabega ya Ketili. "Si Torgesti," akasema. "Ni Ani. Babu yangu ni Ani, mhasi wa nguruwe, waulizeni nguruwe wenyewe."

Watu wakacheka mpaka pombe ikawatoka puani. Lakini Gunvora hakucheka. Sasa ilikuwa zamu yake, na haikuwa zamu rahisi, maana watu hawa walikuwa wamemwimba baba yake kama mjukuu wa dubu, na yeye ndiye wa kuwavunjia wimbo. Aliogopa, hasa. Akakaa kwenye kidato, akaishika pembe kwa mikono miwili.

"Mimi ni binti wa Skegi," akasema. "Skegi ni mwana wa Grimi, Grimi ni mwana wa Ani. Hao wawili walihasi nguruwe, na hakuna mjane wala yatima anayewadai. Nani kati yenu anaweza kusema hivyo juu ya babu yake?"

Kicheko kikakatika. Wanaume wakatazama ndani ya pembe zao, kila mmoja na babu yake. Ketili ndiye aliyesimama kwanza, akampa mkono, akamsaidia kupanda.

Na Hroki? Gunvora hakumfukuza, damu ni damu. Alimpa kazi ya wazee wake. Nasikia nguruwe walimheshimu sana, wakimwona tu, wote wanahama njia.

Mwacha asili ni mtumwa, wanangu, na mwenye kuazima babu huazima na kesi zake. Kisa nimekitua. Aliyekipenda akibebe, asiyekipenda akalale nacho.